Mhandisi Mmoja, Magari Mawili

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Nimesoma habari za magari mawili yaliyobuniwa na mtu mmoja, Gordon Murray, aliyezaliwa Durban, Afrika Kusini, mwaka 1946, nazo zimenifikirisha sana juu ya kazi ya elimu.

La kwanza ni McLaren F1 la Uingereza, lililoonyeshwa hadharani mwaka 1992. Murray alitafuta wepesi kuliko kitu kingine chochote. Bodi ilitengenezwa kwa nyuzi za kaboni, na gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 1,140 hivi, ingawa lilibeba injini ya BMW yenye silinda 12. Dereva aliketi katikati, abiria wawili wakiwa kandoni mwake, nyuma kidogo. Chumba cha injini kilitandikwa dhahabu halisi ili kuzuia joto. Mwaka 1998 lilifikia mwendo wa kilometa 386 kwa saa. Yalitengenezwa 106 tu, yakanunuliwa na matajiri.

La pili ni lori la OX, lililozinduliwa mwaka 2013. Mwingereza Torquil Norman ndiye aliyemwomba Murray abuni chombo cha kubebea mizigo vijijini Afrika. Hapa pia dereva aliwekwa katikati, ili lori lile lile lifae Tanzania, tunakopita kushoto, na Rwanda, wanakopita kulia. Lilibeba kilo 1,900. Lilifungashwa vipande vipande, malori sita katika kontena moja la futi 40, na watu watatu waliweza kuliunganisha kwa muda wa saa 12 hivi.

Jambo lililonigusa zaidi ni mabenchi ya abiria: yaliweza kung'olewa na kutandikwa chini ya magurudumu lori likinasa. Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu, mara nyingi nilipita njia ya Muheza kwenda Amani wakati wa masika. Niliona utingo wakikata matawi na kuyatupa matopeni, huku ndizi zikiiva na kuharibika juu ya lori, na mkulima akihesabu hasara yake kimya kimya. Murray aliifikiria adha hiyo kwa makini yale yale aliyoyatumia kwenye dhahabu ya F1.

Mwaka 2021 malori ya OX, sasa yakiendeshwa kwa umeme, yalianza kubeba mazao ya wakulima Rwanda. Muheza sijayaona. Wala si lazima tungojee ya kuletwa. Tanga tuna vijana wanaosoma ufundi, na matope ya Amani wanayajua kuliko mhandisi yeyote wa ng'ambo. Mwalimu awapeleke huko wakati wa mvua, wakiwa na daftari na futi ya kupimia, wakaanzie hapo.