2048 (mchezo)

2048 ni mchezo wa chemshabongo wa intaneti uliotengenezwa na kijana Mwitalia, Gabriele Cirulli, Machi 2014, akiwa na umri wa miaka 19. Huchezwa bure. Uwanja una vyumba 16, vinne kwa vinne. Mchezaji husukuma vigae vyote upande mmoja. Viwili vyenye namba sawa vikikutana huungana: 2 na 2 huwa 4, 4 na 4 huwa 8, hadi 2048. Kila msukumo huzaa kigae kipya, mara nyingi 2, mara chache 4. Uwanja ukijaa pasiwe na cha kuungana, mchezo umekwisha.

Uraibu wake umejificha hapo hapo. Anayeshindwa huona kosa ni lake mwenyewe, tena dogo, na kuanza upya ni kugusa kitufe kimoja tu. Kikambala, katika kaunti ya Kilifi, barabara ya Mombasa–Malindi haikosi watu wa kungoja: mwendesha bodaboda kivulini, abiria ndani ya matatu isiyojaa bado. Kidole gumba kinateleza juu ya kioo cha simu, kushoto, chini, kushoto, chini, kikilinda kigae kikubwa pembeni. Kondakta anadai nauli mara ya pili, uso haujainuka.

Pwani inaijua hali hii tangu zamani. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, humweka mtu barazani hadi adhana ya magharibi. Lakini bao huchezwa na mwenzio, na mwenzio akiitwa nyumbani mchezo huvunjika. Huu wa simu hauna wa kuuvunja, mpaka betri iishe.