Feni, Moto, Kisha Feni Tena

Sisi wa Hounslow tumezoea jeti zinazopita juu ya mapaa yetu kwenda kutua Heathrow. Lakini jeti za mfano, zinazoongozwa kwa redio, zilichelewa kupata injini ya kweli. Kwa miaka mingi waundaji walificha ndani ya bomba feni iliyozungushwa na injini ya pistoni: sura ya jeti, mlio wa pikipiki.

Mwaka 1983, hapa Uingereza, iliruka ya mfano yenye turbini, ikichoma gesi ya propani. Baadaye Mjerumani Kurt Schreckling aliunda turbini ya kuchoma mafuta, gurudumu lake la kushindilia hewa likiwa la mbao.

Leo betri nyepesi za lithiamu zimeirudisha feni. Usiache mbachao kwa msala upitao.