Samaki Anayeyumba

Samaki wangu wa kwanza alizunguka majini kama feni. Nilikuwa nimemchonga kwa siku nne kutoka kwenye soli ya slipa, nikampaka rangi, nikamtia macho, nikamwekea ulimi niliokata kwenye CD kuukuu. Nilipomvuta kando ya mashua pale Dunga, Kisumu, alijibingirisha mpaka mshipi wote ukasokoteka. Baba mdogo, ambaye alikuwa amekubali kunibeba shingo upande, alicheka hadi akakohoa.

"Huyo hata mbuta kipofu hamtaki," akasema.

Iliniuma kuliko alivyojua. Nilikuwa nimeacha chuo kikuu miezi sita kabla, na mpango wangu wote ulikuwa huo: nichonge chambo bandia niwauzie watu wanaovua wikendi, maana zile za dukani bei yake si mchezo. Kwa hiyo nilifanya kile ninachojua kufanya nikishindwa. Nikaenda kusoma historia.

Jina linaloongoza kwenye historia hii ni la Mfini mmoja, Lauri Rapala, aliyezaliwa mwaka 1905. Hata jina lenyewe ni la bahati tu. Familia inasimulia kwamba mama yake alipohamia parokia ya Asikkala, kasisi hakulikumbuka jina lake la ukoo, basi akaandika jina la kijiji alikotoka: Rapala. Kwa Kifini, "rapa" ni matope. Sisi ambao tumewahi kuandikwa majina ya ajabu na karani tunaielewa stori hiyo bila kufafanuliwa.

Lauri alikuwa maskini. Msimu wa baridi alikata magogo, kiangazi alivua kwenye Ziwa Päijänne. Huko ziwani aligundua jambo ambalo lingebadilisha maisha yake: samaki mkubwa akivamia kundi la vidagaa, hashiki yeyote tu. Anamfuata yule mmoja anayeyumba, yule anayeogelea kombo kidogo kwa sababu ameumia au ni dhaifu.

Mwaka 1936 akachukua koki, ile ya vizibo vya chupa, akaichonga kwa kisu cha fundi viatu. Ngozi ya samaki wake ilikuwa karatasi ya kung'aa inayofunga chokoleti. Juu yake akapaka negativu za picha alizoziyeyusha, zikakauka kuwa vanishi. Niliposoma hapo nilisimama, nikachukua chupa ya rangi ya kucha ya dada yangu. Filamu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa naitroselulosi, na rangi ya kucha mpaka leo ina naitroselulosi. Vanishi ya Lauri ilikuwa nyumbani kwetu siku zote.

Dunia ilimjua baadaye sana. Agosti 1962, jarida la Life la Marekani lilichapisha makala kuhusu chambo chake katika toleo lililokuwa na Marilyn Monroe kwenye jalada, aliyekuwa amefariki siku chache kabla. Watu walilinunua kwa ajili ya Monroe, wakakutana na samaki wa mti kutoka Ufini. Oda zikamiminika kuliko familia ilivyoweza kuzihudumia.

Lakini kilichonigusa si hizo oda. Ni kwamba Lauri, na baadaye wanawe, walikuwa wakimjaribu kila samaki majini kabla hajauzwa. Kila mmoja alivutwa, akatazamwa, akarekebishwa kwa mkono. Yaani hata mwenye ujuzi wake hakutegemea kupatia kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nimetengeneza mmoja, akakataa, nikataka kuacha.

Nikarudi kwenye beseni, kisha kwenye mfereji wenye maji ya kutosha. Nilichojifunza ni kwamba ndani ya kila chambo cha aina hii kuna ugomvi. Ulimi unapokinga maji unakisukuma kichwa chini, na maji yanateleza kwa zamu, mara kushoto, mara kulia, hivyo mwili unatikisika. Uzito ulio tumboni unavuta kuurudisha mwili wima. Ulimi ukishinda kabisa, samaki anabiringika. Uzito ukishinda kabisa, anapita amenyooka kama kijiti, na hakuna anayemtazama.

Wangu alikuwa hana uzito tumboni hata kidogo. Nikapasua mfereji mdogo chini ya tumbo, nikapachika risasi ya mshipi. Akaacha kuzunguka, ila akaanza kwenda kushoto. Dawa yake ni kukunja kile kijishikizo cha waya puani, kidogo sana, kuelekea upande unaotaka aende. Nikakunja kulia kwa nguvu, akaenda kulia moja kwa moja. Nikakunja tena, nywele tu, akanyooka. Lakini sasa alikuwa amepooza. Nikabadilisha ulimi na uzito kwa pamoja, nikapata matokeo ambayo sikujua yametoka wapi. Kanuni niliyoipata kwa uchungu: badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine.

Baba mdogo alinikuta nikikwangua soli uani.

"Unachonga nini?"

"Fulu, baba."

Akakaa chini. Ni lazima nieleze. Fulu ni wale samaki wadogo waliojaa Ziwa Victoria, mamia ya aina zao. Mbuta aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za fulu zilikuwa zimetoweka, wengine kwa kuliwa, wengine kwa maji kuchafuka. Mimi nilikuwa nikichonga fulu kutoka kwenye picha za simu. Yeye aliwala akiwa mtoto.

Akanishika mkono, akanionyesha kwa kidole. "Umemfanya mviringo kama muwa. Fulu ni bapa hapa. Na sisi tulipomtia fulu hai kwenye ndoano, tulimchoma mahali ambapo hafi. Akifa, umekula hasara. Lazima apepesuke."

Kumbe. Alilogundua Lauri kule Päijänne, wavuvi wetu walikuwa nalo mikononi kila usiku. Tofauti ni kwamba Lauri alitafuta namna ya kumfanya samaki asiye na uhai apepesuke vilevile, kila mara. Hilo ndilo lililoandikwa kwenye historia. Ujuzi wa akina baba mdogo haukuandikwa na yeyote.

Nikapunguza mbavu mpaka zikawa bapa. Mtikisiko ukarudi, mwepesi, wa haraka. Jumamosi tukatoka tena. Samaki wangu alikuwa bado anaegemea kushoto kidogo, nikatoa koleo nimrekebishe.

"Muache hivyo," baba mdogo akasema.

Mzunguko wa tatu, mshipi ukakazika. Alikuwa mbuta mdogo, hajafika sentimita 50 zinazoruhusiwa na sheria, kwa hiyo tukamrudisha. Baba mdogo akaichukua ile slipa, akaitazama alama za meno kwenye rangi ya kucha, kisha akaiweka kwenye mfuko wake wa shati.

"Hii ni yangu," akasema. "Wewe chonga nyingine."