Kufuli, Kitasa na Mbiu: Maneno ya Ulinzi wa Chumba cha Kupanga

Utangulizi

Lengo la makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya maneno tunayoyatumia kutaja vifaa vya kulinda mlango, na kuona kama maneno hayo yatatufaa katika kukitaja kifaa kipya kilichokwisha ingia katika vyumba vya kupanga. Kifaa chenyewe ni kidogo, hutumia betri, hubandikwa mlangoni kwa gundi bila kutoboa ukuta, na hupiga kelele mlango unapofunguliwa. Mpangaji anapohama hukibandua akaenda nacho.

Haja ya kuandika ilitokana na kisa kilichosimuliwa Somanda, mjini Bariadi. Mpangaji mmoja anayefanya kazi za zamu za usiku alitaka kifaa hicho. Alimtuma mdogo wake dukani akanunue "kengele ya mlango". Muuzaji alitoa kengele ya mlango kweli, yaani ile ya kubonyeza ambayo mgeni huitumia kubisha hodi. Ilibandikwa, na yule mpangaji akaenda kazini akiamini kwamba chumba chake kina mlinzi. Aliporudi alfajiri alikuta kufuli limekatwa, na kengele iko kimya mahali pake. Hakuna aliyeibonyeza.

Msomaji anaweza kusema kwamba kosa ni la mnunuzi au la muuzaji. Sisi tunaoshughulika na istilahi tunaona kosa jingine: vitu viwili vyenye kazi mbalimbali vilikuwa na jina moja.

Maneno ya mlango wa kale

Kiswahili si maskini wa maneno ya mlango. Mlango wa kale wa mwambao, kama ule unaoonekana hata leo katika Mji Mkongwe wa Unguja, una mbao mbili, mlango dume na mlango jike, na kati yake umesimama mfaa. Kwa nje ulifungwa kwa riza, yaani mnyororo mfupi, uliopachikwa kwenye tumbuu, na hapo likatiwa kufuli. Kwa ndani ulizuiwa kwa komeo au kwa pingo.

Maneno hayo yametoka katika visima mbalimbali. Kufuli limetokana na neno la Kiarabu qufl, likaja pamoja na bidhaa yenyewe. Komeo na pingo ni ya Kibantu, na yamezaliwa na vitenzi komea na pinga. Ufunguo nalo ni la Kibantu, tena lina funzo zuri kwa mtunga istilahi. Halikutokana na funga, bali limetokana na fungua. Waliolizoea waliona kwamba mlango waweza kufungwa kwa njia nyingi, lakini kazi ambayo haifanywi na kitu kingine ila chombo hicho ni kufungua. Hivyo walikipa chombo jina la kazi yake maalumu. Kanuni hiyo tutairudia.

Kufuli ni la mpangaji, kitasa ni cha nyumba

Tofauti iliyo muhimu zaidi kwa mada yetu ni ile iliyopo kati ya kufuli na kitasa. Vyote viwili hufungwa kwa ufunguo. Lakini kitasa hukazwa ndani ya ubao wa mlango kikawa sehemu ya nyumba, ambapo kufuli huning'inia na laweza kuondolewa. Mwenye nyumba hununua kitasa, na mpangaji hununua kufuli.

Katika nyumba ya Kiswahili iliyoenea katika miji yetu, yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, mlango mkubwa ni wa wote. Kila chumba lakini kina tumbuu na kufuli lake. Mpangaji anapoingia huondoa la aliyetangulia, au hukuta limekwisha ondolewa, akatia la kwake. Ana sababu njema ya kufanya hivyo: ufunguo wa kitasa alichokikuta hajui umepita katika mikono mingapi. Siku ya kuhama, kufuli huingia katika furushi pamoja na vyombo.

Kwa hiyo basi, ulinzi unaobebeka na wa bei nafuu kwa mpangaji si fikira mpya iliyoletwa na umeme. Kufuli limeifanya kazi hiyo siku nyingi, na lugha ilikwisha itenga na kazi ya kitasa. Hati za upangaji zingefaidika kama zingeifuata tofauti hiyo. Mahali pengi huandikwa tu kwamba mpangaji asiondoe "vifaa vya mlango", na siku ya kuhama huzuka ugomvi juu ya kitu ambacho mpangaji alikinunua kwa fedha zake.

Bariadi mambo haya yameongezeka uzito tangu mwaka 2012, Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa na mji huo ukawa makao yake makuu. Kabla ya hapo Bariadi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Makao makuu ya mkoa huleta watumishi na wafanyabiashara wageni, na wageni hupanga kabla ya kujenga.

Sauti inayoita watu

Kufuli huzuia, lakini haliiti mtu. Kazi ya kuita ina historia yake, na katika nchi ya Wasukuma historia hiyo ni nzito. Boma la Msukuma lilizungukwa kwa ua wa minyaa. Ua huo ulizuia mifugo na kumchelewesha mwizi, ila ulinzi wenyewe ulikuwa mwano, yaani yowe la hatari ambalo kila aliyelisikia alipaswa kuliitikia na kutoka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, vikundi vya Sungusungu vilizuka katika vijiji vya Wasukuma na Wanyamwezi. Vikundi hivyo vilitumia yowe hilo pamoja na filimbi kupashana habari kutoka kijiji hata kijiji. Jina lenyewe ni la mdudu: sungusungu ni chungu mweusi aumaye, na hatoki peke yake. Vikundi hivyo havikukosa lawama, maana pengine viliwaadhibu watu bila hukumu ya mahakama. Mwaka 1989 sheria iliwapa walinzi hao mamlaka ya kukamata wahalifu. Kwetu sisi la kukumbuka ni hili: sauti ililinda kwa sababu wasikiaji walijua maana yake.

Umeme nao ulianza kwa kazi hiyohiyo. Mwaka 1853, huko Massachusetts, Marekani, Augustus Russell Pope alipata hataza ya chombo ambacho mlango au dirisha likifunguliwa hukamilisha njia ya umeme, na kengele ikalia. Edwin Holmes aliinunua haki hiyo mwaka 1857 akaifanyia biashara. Kifaa cha leo cha mpangaji ni kitukuu cha chombo hicho. Kina vipande viwili, kimoja mlangoni na kingine kwenye fremu, na kimojawapo kina sumaku. Vipande vikiachana, sauti hutoka.

Na haja ya mpangaji wetu wa Somanda ina mfano wake wa mbali. Marie Van Brittan Brown alikuwa muuguzi katika jiji la New York, naye alikuwa nyumbani peke yake katika saa ambazo wengine hawapo. Polisi nao hawakuwa wepesi wa kufika mtaani kwao. Yeye na mumewe, Albert Brown, walibuni mtambo wa kamera iliyochungulia katika matundu ya mlango, kioo cha kumwonea aliyebisha, chombo cha kusemeshana naye, na kitufe cha kuita msaada. Walipewa hataza tarehe 2 Desemba 1969. Kamera nyingi za mlangoni za leo zimefuata njia hiyo.

Tukiite nini?

Madukani kifaa hiki kina majina manne: alamu, sensa, king'ora na kengele ya mlango. Kila moja lina ila yake. Sensa hutaja sehemu tu ya kifaa, ile inayotambua badiliko. Kwa sehemu hiyo tunalo neno kihisi, na tena sensa kwa watu wengi ni hesabu ya watu. Alamu linaeleweka, lakini ni la saa ya kuamshia pia. King'ora ni neno zuri, ila limekwisha shikwa na sauti kubwa za magari ya zimamoto na ya wagonjwa. Kengele ya mlango tumekwisha ona madhara yake.

Desturi ya kazi ya istilahi ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo twende mbali. Mwano ni neno linalofaa kufikiriwa, ingawa mwano ni sauti ya mtu, na pengine si vema kuipa mashine heshima hiyo. Ndani ya Kiswahili lipo neno mbiu, pembe iliyopigwa ili kuwakusanya watu. Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Kengele humwita mwenye nyumba aje mlangoni, na mbiu huwaita watu wote. Hiyo ndiyo kazi maalumu ya kifaa hiki, kama vile kufungua kulivyo kazi maalumu ya ufunguo. Tunapendekeza basi kiitwe mbiu ya mlango, na kengele ya mlango ibaki kuwa ya mgeni.

Kadhalika tunapendekeza tahadhari katika neno usalama. Matangazo ya biashara huviita vifaa hivi "mfumo wa usalama". Ulinzi ni kitendo, na waweza kununuliwa. Usalama ni hali, na dukani haupatikani. Mbiu ikilia katika nyumba ambayo jirani hajui maana yake, atadhani ni simu ya mtu.

Hitimisho

Mpangaji wa Somanda sasa amenunua kifaa alichokikusudia. Kabla ya kukibandika, yasemekana alikiliza mbele ya wapangaji wenzake ili wote waijue sauti yake. Alifanya jambo ambalo hakuna kitabu cha maelezo kilichomwagiza.

Wasomaji wenye maneno mengine yanayotumika katika sehemu zao kwa vifaa hivi, yawe ya Kiswahili au ya lugha zao za nyumbani, wanaombwa watuandikie. Neno bora huenda liko tayari katika kinywa cha fundi, likingoja kusikiwa.