Mbinu za Ajaili Katika Mizani: Kutoka Snowbird Hadi FBI

Kwa miongo kadhaa mashirika makubwa yalitengeneza programu za kompyuta kwa utaratibu uliopewa jina la maporomoko ya maji, yaani mahitaji yote yaandikwe kwanza, usanifu ufuate, kisha programu iandikwe, na majaribio yaje mwishoni, wakati fedha nyingi zimekwisha kutumika. Winston Royce, ambaye makala yake ya mwaka 1970 hutajwa kuwa chimbuko la utaratibu huo, aliuchora na papo hapo akaonya kwamba ulikuwa na hatari kubwa; kwa bahati mbaya, mchoro ulienea na onyo likasahaulika.

Mnamo Februari 2001 wataalamu 17, miongoni mwao Kent Beck, Ken Schwaber na Jeff Sutherland, walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakatoa ilani ya mbinu za ajaili, neno lenye maana ya wepesi wa kugeuka. Katika mbinu hizi kazi hugawanywa katika vipindi vifupi, na kila kipindi humalizika kwa sehemu ya programu ambayo mtumiaji anaweza kuijaribu na kuitolea maoni. Kanuni mojawapo ya waasisi hao inasema kwamba kipimo kikuu cha maendeleo ni programu inayofanya kazi, na ni haki mbinu zenyewe zipimwe kwa kipimo hicho.

Ushahidi unaojulikana zaidi unatoka katika Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, ambalo mwaka 2005 liliuacha mfumo wake wa majalada ya kesi baada ya kutumia takriban dola milioni 170. Mradi uliofuata, Sentinel, ulianza mwaka 2006 chini ya mkandarasi, lakini kufikia mwaka 2010 ulikuwa umetumia dola milioni 405 kati ya milioni 451 huku awamu 2 tu kati ya 4 zikiwa zimekabidhiwa. Hapo FBI iliichukua kazi mikononi mwake, ikaunda timu ndogo, na ikaanza kuonyesha matokeo kila baada ya wiki 2. Hata hivyo tarehe ya kumaliza ilisogezwa mbele, kwa kuwa jaribio la Oktoba 2011 lilidhihirisha kwamba mitambo iliyokuwepo haikutosha. Lakini kasoro hiyo iligunduliwa kabla mfumo haujafunguliwa kwa wafanyakazi wote Julai 2012, na huo ndio ubora hasa wa mbinu hizi. Ni lazima pia ikumbukwe kwamba timu hiyo ilijenga juu ya kazi iliyokwisha kulipiwa, hivyo kulinganisha gharama za kipindi cha mkandarasi na zile za kipindi cha timu hiyo bila tahadhari ni kupotosha.

Nchini Uingereza hali ilikuwa kinyume. Wizara ya Kazi na Pensheni ilitumia mbinu za ajaili kujenga mfumo wa ruzuku wa Universal Credit, ilhali haikuwahi kuzitumia katika mradi mkubwa kiasi hicho, na ikashindwa kuzioanisha na mikataba na taratibu zake za usimamizi. Ripoti ya Septemba 2013 ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilieleza kwamba wizara ililazimika kufuta mali za teknolojia zenye thamani ya pauni milioni 34.