Radio Kwizera ya Ngara: Miaka 30 ya Habari Mpakani

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo juu ya Mto Kagera na kuingia Wilaya ya Ngara, Tanzania. Walikusanyika Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kiitaliano iliyowahi kupiga kambi hapo wakati wa ujenzi wa barabara. Baadaye zikaongezeka kambi za Lumasi, Musuhura na Kitali. Sensa ya mwaka 1988 ilikuwa imehesabu watu wasiofika 160,000 katika wilaya nzima. Sasa wageni waliwazidi wenyeji, na kuni, maji na mashamba yakawa ya kugombaniwa.

Mashirika ya misaada yalileta mahindi, maharage na maturubai. Habari hazikuwa na wa kuzigawa. Watu hawa walitoka katika nchi ambayo kituo cha RTLM, kilichoanza kurusha matangazo Julai 1993, kilikuwa kimewachochea raia wawaue majirani zao. Kambini, baadhi ya walioongoza mauaji hayo waliendelea kuwatawala wenzao, na silaha yao kubwa ilikuwa uvumi: anayerudi kwao anakwenda kuuawa.

Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Kuwahudumia Wakimbizi, JRS, lililoanzishwa na Padri Pedro Arrupe mwaka 1980, lilifungua kituo cha redio mjini Ngara na kukiita Radio Kwizera. Njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa na sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, iliyoruhusu vituo binafsi Tanzania. Mwaka huohuo wa 1995 Studio Ijambo ilianza kazi Bujumbura, na mwaka mmoja kabla BBC ilikuwa imeanzisha matangazo ya Gahuzamiryango ili kuwaunganisha ndugu waliopotezana. Eneo zima la Maziwa Makuu lilikuwa likitafuta redio ya kuponya kile ambacho redio nyingine ilikuwa imekiharibu.

Kwizera ilitangaza kwa Kiswahili na kwa lugha za wakimbizi. Kwa mwenyeji wa Ngara hili halikumfungia mlango, kwa sababu Kihangaza na Kishubi, lugha za wenyeji, ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Mkulima wa Kabanga na mkimbizi wa Benaco waliweza kusikia taarifa zilezile kwa wakati mmoja: za afya na usafi wa kambi, za mgawo wa chakula, za usalama wa huku na wa ng'ambo ya mpaka. Hapo ndipo ulipokuwa uzito wa kituo hiki. Kila upande ulikuwa na hofu zake juu ya mwenzake, na kama kila upande ungekuwa na redio yake, hofu hizo zingekua zaidi.

Mtihani mkubwa ulifika haraka. Tarehe 5 Desemba 1996 serikali ya Tanzania na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, zilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warejee kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Maelfu walitoka kambini wakielekea mashariki, mbali na mpaka. Wanajeshi na polisi wakawazuia njiani na kuwageuza kuelekea Rusumo. Katika wiki chache karibu watu nusu milioni walikuwa wamerudi. Mkimbizi mwenye mtoto mgongoni alitaka kujua barabara ipi iko wazi na huko aendako kukoje, na jibu la uongo lingeweza kumgharimu roho.

Wanyarwanda walipoondoka, Warundi walibaki. Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, viliendelea kuwasukuma kuvuka mpaka, na kambi ya Lukole ikafikia watu zaidi ya 100,000. Bujumbura ililalamika kwamba waasi walijificha kambini. Mwishoni mwa mwaka 1997 jeshi la Tanzania liliwakusanya wageni waliokuwa wakiishi vijijini na kuwapeleka kambini. Mkataba wa Arusha wa amani ya Burundi ulitiwa saini Agosti 2000, lakini mapigano hayakukoma siku hiyo. Warundi walipoanza kurejea kwa hiari mwaka 2002, swali lilikuwa lilelile la 1996: je, kwetu kumetulia?

Vita vya majirani viliacha bunduki mikononi mwa majambazi pia. Kwa miaka mingi mabasi yalipita mapori ya wilaya jirani ya Biharamulo yakisindikizwa na askari wenye silaha. Kwa msikilizaji wa Biharamulo, habari za usalama zilihusu safari yake ya kesho yake kwenda mnadani au hospitalini.

Lukole ilipofungwa na mashirika mengi kufunga virago, redio ilibaki. Waliokuwa wenyeji wa pembeni wakawa wasikilizaji wakuu, na kilimo, afya, elimu na mambo ya halmashauri vikachukua nafasi ya taarifa za mgawo.

Kabla ya hapo, Desemba 2003, mahakama ya kimataifa mjini Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waasisi wa RTLM. Hukumu ile ilieleza kwa lugha ya sheria jinsi redio inavyoweza kuua. Ngara ilikuwa na ushahidi wa upande wa pili tangu 1995: redio inayosema na mwenyeji na mgeni kwa pamoja inaweza kuwatuliza watu ambao vita vimewafukuza makwao. Ushahidi huo usipotee. Waliotangaza na waliosikiliza miaka ile bado wapo Ngara, Biharamulo, Rwanda na Burundi. Wahojiwe, na kanda na daftari za taarifa, popote zilipo, zikusanywe na kuhifadhiwa mapema.