Siwa Mbili za Lamu

Wako watu wetu wa pwani waliokwisha kufika Makka na Dubai, na hawajapata kuingia Makumbusho ya Lamu. Wakiulizwa husema: "Hayo ni mambo ya watalii." La! Vilivyomo mle ni vyombo vya bibi zetu.

Jumba lenyewe liko ukingoni mwa bahari. Lilijengwa karne ya 19, kisha wakakaa humo maofisa wa Kiingereza mpaka Kenya ilipopata uhuru 1963. Makumbusho yakafunguliwa 1971. Ngome iliyo karibu, ambayo ilijengwa baada ya vita vya Shela, ilikuwa gereza mpaka 1984. Leo nayo iko chini ya makumbusho.

Ndani utaona mfano wa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi pasina msumari hata mmoja, na tanga lake la mkeka. Utaona na kiti cha enzi. Lakini simama khasa mbele ya siwa mbili: ya shaba, ya Lamu, na ya pembe, ya Pate, urefu wake yapata futi 7, ambayo wataalamu huikadiria kuwa ya mwisho wa karne ya 17.

Siwa haikuwa baragumu ya kila mtu. Ilipulizwa wafalme wakitawazwa, na katika harusi na tohara za waungwana. Habari za Pate zasimulia kuwa Mwana Darini alitaka kumtahiri mwanawe, akaomba siwa, akanyimwa. Basi akamwita fundi akamchongea ya pembe, yake mwenyewe. Kisa hiki watu hukipenda, na kweli bibi huyo alikuwa na moyo. Lakini tazama: ikiwa bibi mkubwa namna ile alinyimwa, je, mtumwa aliyebeba mawe ya kujengea majumba yale, mwanawe alipulizwa nini? Utumwa haukufutwa kwa sheria katika Kenya mpaka 1907. Jina la Mwana Darini tunalo. Ya wabeba mawe hayakuandikwa. Leo mjukuu wa mtumwa na mjukuu wa mfalme hukata tikiti ya bei moja, wakasimama mbele ya siwa ile ile. Mimi hilo hunipendeza kuliko nakshi zake.

Na vingi havikufika makumbusho. Wachuuzi walipita majumbani wakanunua sahani za Kichina zilizokuwa vidakani, na milango ya nakshi, na watu wakauza kwa sababu ya dhiki, siwalaumu. Linaloniuma ni misahafu ya mkono. Siyu walikuwako waandishi hodari, wakinakili kwa wino mweusi na mwekundu. Ikiwa sandukuni mwako umo msahafu wa namna hiyo, ufungue leo uutazame mchwa. Kisha andika katika karatasi ya kando jina la aliyeunakili, kama lajulikana, na la nyumba ulimotoka, wangali hai wazee wanaoyajua.